Ngurumo Yatafuta Betri

Mnakumbuka tulimwacha wapi Mwongeli, binti wa Mchungaji Mulei? Amesimama kwenye uwanja wa kanisa pale Kathonzweni, mbele ya baba yake na wazee wa kanisa, mdomo wazi. Kilonzo amepiga magoti kando ya gari lake la muziki, lile analoliita Ngurumo, ambalo lilikuwa limezimika katikati ya wimbo wa sifa. Na baba mtu alikuwa amefoka, "Mwongeli, mwambie huyu kijana kwa mdomo wako mwenyewe!"

Wiki nzima simu yangu haikupumzika. Msomaji mmoja wa Wote aliapa kwamba Mwongeli atasema "simtaki." Mwingine wa Kibwezi alisisitiza kwamba atazimia. Nyinyi watu wa Kibwezi mnapenda sana watu wazimie.

Hakuzimia. Alisema, "Betri."

"Ati nini?" akauliza Mchungaji.

"Baba, ni betri. Gari limebeba spika za kujaza uwanja wa mpira, na betri ni ile ndogo iliyokuja nalo kutoka Japani. Hata wewe ukinyweshwa kikombe kimoja cha uji halafu ulimishwe shamba lote, utazimika."

Wazee wakaguna. Mmoja alianza kucheka, akakumbuka alipo, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Kwa wewe unayeanza kusoma leo, na sijui ulikuwa wapi siku hizi zote, nikupe kwa kifupi, maana mhariri wangu ni mchoyo wa nafasi. Kilonzo alikuwa dalali wa mbuzi, na dalali mzuri. Siku moja akauza mbuzi wote, akanunua Probox kuukuu, akatoa viti vya nyuma na kujaza spika nne za besi zenye midomo kama sufuria za harusi. Mtu mwenye akili angenunua ng'ombe. Tangu hapo anatangaza matanga, anachangamsha harusi, na anatikisa madirisha ya watu wasiomkosea lolote.

Anampenda Mwongeli. Mwongeli anaimba kwaya, amesomea umeme wa sola katika chuo cha ufundi, na nyumbani kwao haruhusiwi kugusa hata balbu kwa sababu ni msichana. Naye anampenda Kilonzo, Mungu amsaidie.

Kizuizi ni ntheo, wale mbuzi watatu wa kwanza wa mahari. Wasomaji wa mbali wanaweza kudhani ni zawadi tu. Hapa Ukambani, kama baba wa msichana hajapokea ntheo, unaweza kuishi naye mpaka nyote wawili mng'oke meno, na bado majirani watasema huyo ni mgeni wako. Baba akishapokea na mbuzi wakaliwa, basi, msichana ameenda. Mchungaji Mulei huhubiri dhidi ya mila kila Jumapili bila kuchoka. Hii ya mbuzi sijui kwa nini huwa anaisahau.

Na yuko Munyao, mwenye hoteli ya nyama choma kule Salama, kando ya barabara kuu. Munyao ana jenereta, ana tumbo, na anamtaka Mwongeli. Mwongeli hajawahi kumpa hata salamu ndefu.

"Sawa," alisema Mchungaji siku ile, akijifuta jasho. "Betri. Tutaona. Jumamosi kuna mkutano mkubwa wa injili hapo sokoni. Ngurumo ndiyo itabeba sauti. Ikifika jioni haijazima, kijana, lete mbuzi. Ikizima hata mara moja, Munyao atawaleta wake, na wewe usikanyage kwangu tena."

"Amina," akasema Munyao, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Basi wazee wakaanza kusukuma Ngurumo itoke kanisani. Katika ile purukushani Mwongeli akasogea karibu na dirisha la Kilonzo.

"Nenda Mwingi, kwa mama Isnino, duka lake liko karibu na soko la mifugo. Nilifanya mazoezi ya kazi kwake. Mwambie spika zako zinakula kiasi gani, halafu nyamaza umsikilize. Kilonzo, unanisikia? Usinyanyue."

"Nisinyanyue nini?"

"Betri. Nakujua wewe."

Kilonzo akaapa. Mnajua viapo vya mtu aliye katika mapenzi vina urefu gani.

Ijumaa alikuwa Mwingi. Alifika na betri ya kuazima kwa jirani, injini ikiunguruma njia nzima kwa sababu aliogopa kwamba akiizima haitawaka tena. Kwanza alipitia soko la mifugo, na hapa lazima nimpe haki yake. Kilonzo akiingia kwenye mbuzi, wachuuzi hunyamaza. Hamwangalii mbuzi machoni, haulizi umri. Anamshika kiuno, anamnyanyua kidogo, anamrudisha chini, na tayari anajua ana nyama kiasi gani na kama mwenyewe alimnywesha maji asubuhi ili aonekane mnene. Alichagua watatu, mbuzi wa ntheo wa kumfanya baba yeyote alainike. Akawapakia nyuma kati ya spika, wakasimama pale kama wanakwaya.

Halafu akaenda kununua betri.

Mama Isnino alikuwa mlangoni pa duka lake na chai yake ya maziwa ya ngamia. Alilitazama Ngurumo, akawatazama mbuzi, akamtazama Kilonzo. Hakuonyesha kuvutiwa na yeyote kati yao.

"Karibu, kijana. Spika zako zinakula ngapi?"

"Zinakula?"

"Wati. Amplifaya imeandikwa ngapi?"

"Elfu tano!" Kilonzo akatoa kifua mbele.

"Imeandikwa. Hata mimi naweza kujiandika kwenye paji la uso kwamba mimi ni jaji. Tuseme elfu mbili, kwa sababu nimekuonea huruma. Alteneta ni ile ya kuzaliwa na gari?"

"Alteneta iko wapi?"

Isnino akaweka kikombe chini. "Astaghfirullah," akasema polepole, na akamwita ndani.

Alimweleza kwa maneno ambayo hata mimi, nisiyejua kubadilisha balbu, niliyaelewa. Betri ni tangi tu, akasema. Mto wenyewe ni alteneta, inayozungushwa na injini. Mto ukiwa mdogo, tangi kubwa litachelewesha ukame, lakini ukame utakuja. Kwa hivyo usipige muziki siku nzima ukidhani betri inazaa umeme. Pili, betri ya kawaida ya gari kazi yake ni kuwasha injini, inasukuma mara moja kwa nguvu kisha inataka kupumzika. Muziki hautaki mtu wa kusukuma mlango, unataka mtu wa kubeba gunia mpaka nyumbani.

"Chukua mbili kama hii," akasema, akiweka mezani betri moja ya kijivu, fupi, iliyofungwa pande zote. "Moja mbele, moja nyuma karibu na amplifaya. Zote mpya, zote aina moja. Ukichanganya mpya na kuukuu, kuukuu itanyonya mpya mpaka zife pamoja. Hii imefungwa, asidi haimwagiki, unaweza kukaa nayo ndani ya gari bila kukohoa. Na inatoa nguvu haraka. Besi ikipiga, taa za gari hazitafumba macho."

Kilonzo alisikiliza kila neno. Alitikisa kichwa mahali pa kutikisa. Kisha, ndugu zangu, akanyoosha mkono, akaishika ile betri kiunoni, akainyanyua kidogo na kuirudisha chini.

"Mama," akasema kwa upole wa daktari anayeleta habari mbaya, "hii imekonda."

"Imefanya nini?"

"Imekonda. Haina nyama."

"Waryaa!" akamaka kwa Kisomali. "Unanunua betri ama unanunua kitoweo?"

"Mimi nimeshika vitu maisha yangu yote, mama. Mkono wangu haudanganyi."

"Basi uoe mkono wako," akasema Isnino, na akarudi kwenye chai yake.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka jingine, na mlangoni mwanaume anayetabasamu kama mtu aliyekuwa akikungoja tangu uzaliwe. Aliitwa Kitheka.

"Uvoo waku, mundu wa kwitu?" akaita. Habari yako, mtu wa kwetu? Kilonzo aliposikia Kikamba akahisi amefika nyumbani. Kitheka akamuuliza ukoo. Kilonzo akautaja. Ajabu ya Mungu, Kitheka naye alikuwa wa ukoo huohuo! Watu wa Mwingi watakwambia kwamba Kitheka ni wa ukoo wa kila mteja anayeingia na pesa, lakini Kilonzo hakuuliza watu wa Mwingi.

"Nimekuona kwa yule mama," Kitheka akanong'ona. "Ndugu, wale si watu wetu. Unajuaje anakuuzia nini?"

Swali zuri sana. Lilikuwa tu limeulizwa upande usiofaa wa barabara.

Kitheka akatoa betri nyeusi yenye picha ya fahali ubavuni. "Hii ni ya trela. Jaribu mwenyewe."

Kilonzo akajaribu. Mgongo ulilia ka! Mishipa ya shingo ikatoka. Uso wake ukang'aa kwa furaha, na wasiwasi wake wote ukaisha palepale.

"Hii ndiyo betri!"

"Chukua mbili," akasema mtu wa ukoo wake.

Alichukua mbili, akatoa kila kitu kilichokuwa mfukoni. Kitheka alizifunga mwenyewe haraka haraka akiimba, akampa na ushauri wa bure: asizime injini mpaka afike Kathonzweni, "ili zizoeane na gari." Kilonzo akashukuru. Akaligeuza Ngurumo hadi mbele ya duka la Isnino, akafungua milango yote, akatoa mkono dirishani kama mgombea aliyeshinda, akafungulia sauti mpaka mwisho.

Besi ya kwanza ilipiga, mabati ya duka yakatetemeka. Ya pili ikapiga, taa za gari zikawa nyekundu kama macho ya mlevi. Ya tatu haikupiga. Injini nayo ikakohoa, ikanyamaza. Mbuzi mmoja akalia nyuma, na katika ule ukimya alisikika vizuri kuliko spika zote nne.

Kilonzo aligeuka kumwita ndugu yake wa ukoo. Mlango wa duka ulikuwa na kufuli. Alipiga simu. Simu ilikuwa imezimwa. Ukoo mzima ulikuwa umefungwa kwa siku ile.

Mama Isnino alivuka barabara na bisibisi bila kuharakisha. Alifungua boneti, akagonga ubavu wa ile betri, akatega sikio, kisha akang'oa kifuniko. Alichovya vidole ndani na kuvitoa.

"Mchanga," akasema. "Mchanga mzuri wa mto Tyaa. Ungepata wa kutosha ungejenga choo."

Katikati ya mchanga, imejikunyata kama kifaranga, palikuwa na betri ndogo ya pikipiki.

Kilonzo aliketi chini kando ya gurudumu. Msimcheke. Aliona aibu ya mtu aliyekataa msaada wa mgeni akaenda kuibiwa na wa kwao, tena kwa mkono wake mwenyewe aliousifia mchana kweupe. Lakini aibu ilikuwa ndogo kuliko hofu. Aliuona mkutano, akamwona Munyao akisema amina, akamwona Mwongeli akipakiwa kwenda Salama kukaanga matumbo ya watu wa barabarani. Machozi yakamtoka na hakuyaficha.

"Mama, mkutano ni kesho."

"Mkutano gani?"

Akamweleza yote, ntheo, Mchungaji, Munyao, na kwamba msichana mwenyewe ni Mwongeli. Jina lile lilimgusa Isnino kidogo, maana aliweka bisibisi chini.

"Mwongeli mwenye kujua kazi yule? Na akakuchagua wewe?" Akatikisa kichwa. "Ngoja nielewe. Bila betri hupati ruhusa ya kupeleka mbuzi."

"Ndiyo."

"Bila mbuzi hupati msichana."

"Ndiyo, mama."

"Na umebaki na nini?"

Wote wawili wakawageukia wale mbuzi watatu kati ya spika.

"Wallahi," akasema Isnino, "hata ngamia ana mpango kuliko wewe."

Aliwachukua. Alikuwa mfanyabiashara, si mtakatifu, na mimi sitamtetea. Ndugu yake Abdisamad, anayesafirisha mifugo, aliitwa kuwatazama, akasema mbuzi hawa ni safi sana, nani aliwachagua? Kwa sekunde moja hivi Kilonzo akajisikia mtu tena. Kisha mbuzi wakaondoka wakifuata Abdisamad bila hata kugeuka nyuma, kama wanasiasa wanaohama chama.

Betri mbili za kijivu zikafungwa, moja mbele, moja nyuma. Isnino akaongeza waya nene kutoka boneti hadi kwenye amplifaya, na fyuzi karibu na betri. "Ukiweka uzi wa kushonea nguo," akamwonya, "hata nikikupa betri ya meli, utachoma gari na mchumba."

Njiani akampigia Mwongeli.

"Umepata?"

"Nimepata. Za mama Isnino."

"Ulinyanyua?"

Kilonzo akapiga honi bila sababu.

"Kilonzo."

"Kidogo."

Mwongeli alicheka mpaka akashindwa kusema. Kilonzo naye akacheka, na habari ya mbuzi hakuitaja. Alijiambia kwamba mbuzi ni tatizo la Jumamosi jioni, na Jumamosi jioni ilikuwa mbali. Ndivyo anavyowaza huyu kijana wetu, na bado mnaniuliza kwa nini nimekuwa mkali kwake.

Jumamosi, soko la Kathonzweni lilijaa. Watu walikuja kutoka vijiji vyote, wenye Biblia na wenye njaa ya kumwona Kilonzo akiaibika, na wengi walikuwa na vyote viwili. Munyao alikuja na jenereta yake kwenye pikapu, "kama kutatokea dharura," akaiegesha mahali ambapo kila mtu angeiona.

Kilonzo akawasha. Sauti ikatoka safi, nzito, imeshiba. Besi ilipita chini ya miguu ya watu na kuku wa upande wa pili wa soko wakahamia shambani. Mama mmoja muuza ndengu alisema ndengu zake zimepangika zenyewe kwenye debe. Taa za Ngurumo hazikufumba macho hata mara moja.

Mchungaji Mulei alishuka jukwaani, akamwendea Kilonzo kwa tabasamu la Kikristo. "Kijana, zima injini. Moshi unawaingia wageni wetu."

"Lakini Mchungaji, injini ndiyo inajaza..."

"Zima. Au betri zako hazina imani?"

Kilonzo akazima. Aliweka sauti chini kidogo, akapunguza besi kama Isnino alivyomwelekeza, akaomba. Ibada ikaendelea. Mahubiri, ushuhuda, maombi ya wagonjwa, maombi ya mvua, matangazo, maombi ya kufunga matangazo. Jua likaanza kuinama, na betri za mama Isnino, zile zilizokonda, bado zilikuwa zinabeba gunia.

Munyao alianza kutokwa na jasho. Alimpungia Mchungaji mkono mara moja, akampungia tena. Kwaya ikapanda jukwaani, Mwongeli mstari wa mbele na maiki mkononi, na Mchungaji akapata nafasi ya kuteremka. Yeye na Munyao wakazunguka nyuma ya hema.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mchungaji Mulei siku hiyo alikuwa na maiki ndogo ya kubana kwenye kola, isiyo na waya, aliyopewa na Kilonzo mwenyewe ili ahubiri akitembea. Aliteremka nayo. Hakuizima. Kilonzo aliona taa yake ndogo ya kijani bado inawaka pale kwenye mitambo, akanyoosha kidole aizime, kama fundi yeyote mwenye adabu. Na wimbo wa kwaya ukaisha kabla kidole hakijafika.

"Pastor, uliniambia itazima!"

Ilikuwa sauti ya Munyao, ikitoka kwenye spika nne, soko zima, mpaka kule kwenye maghala.

"Itazima. Si nimemwambia azime injini?" Hiyo ya pili kila mtu aliijua. Walikuwa wameisikia tangu asubuhi ikiwaomba watubu.

"Alizima kitambo! Na hiyo kitu bado inanguruma! Jioni imefika. Akikuletea mbuzi utamwambia nini?"

"Nitamwambia zina kasoro. Munyao, wacha kunisumbua. Zako nilishakula kabla hata ya ile siku tulisukuma gari. Unafikiri mtu anaweza kutapika mbuzi tatu?"

Soko likanyamaza. Hata watoto walinyamaza. Kidole cha Kilonzo kilibaki hewani. Nyuma ya hema, Mchungaji naye alikuwa ameanza kusikia kitu.

"Ni nani huyo," spika zikauliza kwa mshangao, "anaongea kama mimi?"

Woi! Hapo watu walianguka. Kuna mzee alishikilia nguzo ya hema akicheka mpaka hema likayumba. Muuza ndengu alijifunika kanga usoni, mabega yakimtetemeka. Mchungaji alitokea upande mmoja wa hema, Munyao upande mwingine, kila mmoja akitembea kama mtu asiyemjua mwenzake.

Mwongeli hakucheka. Alikuwa amesimama pale pale mstari wa mbele, na wenzake wa kwaya walikuwa wamemwacha nafasi kama anavyoachiwa mfiwa. Kwa maana aliyoyasikia yalimhusu yeye. Wakati akimtetea Kilonzo mbele ya wazee, wakati akisema betri, alikuwa tayari ameshaolewa tumboni mwa baba yake. Iliuma, na uchungu ulionekana usoni.

Akainua maiki.

"Baba, ni kweli?"

"Mwanangu," akasema Mchungaji, na kola yake ikasema pamoja naye, "haya ni mambo ya nyumbani."

"Nyumbani gani? Mimi naishi huko, na sijaonja hata supu."

Watu wakapiga makofi. Akawanyamazisha kwa mkono.

"Kwetu mbuzi za ntheo zikiliwa, msichana ameenda. Mila ni mila, sitabishana. Munyao alileta mbuzi, na mbuzi zimeliwa, kwa hivyo lazima mtu aende Salama." Akamgeukia baba yake. "Basi aliyekula mbuzi ndiye aolewe."

Sijui niwaelezeje kelele iliyofuata. Kofia zilirushwa. Munyao aliinama nyuma ya jenereta yake. Wazee wa kanisa walisimama wote kwa pamoja, na hawakuwa wamesimama kwa maombi.

"Sijamaliza," akasema Mwongeli. "Hizo za Munyao si za kwanza. Kuna mtu mwingine mbuzi zake ziliingia kwetu zikaliwa, na mimi nikaambiwa ni za harambee ya kanisa. Huyo mtu yuko hapa sokoni. Nitamtaja jina, na nitataka anijibu mbele ya..."

Mchungaji Mulei alikuwa tayari anakimbia. Sikujua mwili ule unaweza kukimbia. Alipita katikati ya viti, akaangusha sahani ya sadaka, akafika kwenye mitambo ya Ngurumo akihema. Aling'oa maiki kwenye kola, akaifinya ndani ya ngumi, akaweka mdomo kwenye sikio la Kilonzo.

"Zima."

"Mchungaji, anaongea."

"Najua anaongea! Zima sasa hivi. Sema betri imekufa, nani atajua? Zima, na Mwongeli ni wako. Leo hii. Nitatangaza mwenyewe." Akatupa jicho jukwaani. "Hata bila mbuzi."

Hata bila mbuzi! Baba wa Kikamba, mbele ya macho ya Kilonzo, ametamka hayo. Na Kilonzo alikuwa kijana asiye na mbuzi hata mmoja, asiye na cha kununulia hata mkia wa mbuzi, ambaye jioni hii angesimama kwa baba mkwe mikono mitupu. Kila kitu alichokuwa anakitaka kilikuwa kinanong'onwa sikioni mwake. Gharama yake ilikuwa kubonyeza mara moja tu.

Mkono wake ukashuka kwenye swichi.

Jukwaani, Mwongeli alikuwa ameshika maiki mdomoni, jina bado hajalitaja. Hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anautazama ule mkono.